Sikuwa na mkataba, nilikuwa na bahasha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mtumishi wa serikali analindwa na sheria, ila wa sekta binafsi kaachiwa Mungu. Nyumbani kwangu hapa Sakina wamo wote wawili. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, kaajiriwa tangu 2009. Mimi nilikuwa londri ya hoteli moja ya hapa Arusha kwa miaka sita na ushee. Ubishi huo wa msomaji wako sisi tunao karibu kila jioni, na mara nyingi chai inapoa kabla hatujaumaliza.

Nianze na yangu.

Niliingia hotelini Februari 2014. Barua sikupewa wala sikuiulizia. Mtu aliyekaa mwaka mzima bila kazi haanzi siku ya kwanza kwa kudai karatasi. Supavaiza alinikabidhi aproni mbili, akanionyesha mashine inayovuja na isiyovuja, akasema mshahara ni tarehe 30. Ulikuja kweli, na kwa miaka yote ile haukuwahi kupita tarehe 5 ya mwezi unaofuata, hilo siwasingizii. Ulikuja kwenye bahasha ya kaki. Juu ya bahasha mhasibu aliandika kwa penseli jina langu, chini yake mshahara, chini yake "NSSF", yaani mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, kisha makato mengine kama yapo. Miaka ya mwisho ilisomeka 240,000, toa 24,000. Kuna miezi iliandikwa pia "shuka 15,000", maana ukiunguza shuka kwa pasi unalinunua. Hiyo ndiyo ilikuwa salari slipu yetu.

Saa za ziada hazikuwa na mstari wao kwenye bahasha. Msimu wa wageni, kuanzia Julai hadi Septemba na tena wiki za Krismasi, tuliingia saa kumi na mbili asubuhi tukatoka saa mbili usiku. Sheria inasema saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na zinazozidi zilipwe mara moja na nusu. Sisi tulilipwa sahani ya pilau iliyobaki jikoni, na tuliifurahia.

Ukutani pale londri palikuwa na matangazo matatu: njia ya kukimbilia moto ukiwaka, picha ya mhudumu anayetabasamu, na onyo kwamba atakayekutwa na sabuni za wageni atafukuzwa. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka kila mwajiri abandike mahali pa wazi tamko la haki za mfanyakazi. Nafasi ukutani ilikuwepo.

Machi 2020 wageni wakakatika. Anayekumbuka Arusha ya miezi ile anajua, magari ya utalii yalilala yadi kama ng'ombe wagonjwa. Mashine zetu zikanyamaza. Ijumaa ya tarehe 27 tukaitwa nyuma ya jiko, meneja akasema twende nyumbani kwanza, mambo yakitulia tutapigiwa simu. Hakusema "nimewaachisha". Hakusema "likizo". Alisema mtapigiwa. Tukashukuru, hata tukampa pole, maana na yeye uso ulimshuka.

Nikakaa nasubiri simu. Tarehe 14 Aprili supavaiza alinitumia meseji kwenye kitochi changu: "Mama Neema vumilia utapigiwa tu." Nikavumilia. Mei ndege zikaruhusiwa tena kuingia nchini, nikasema sasa. Juni ikaisha. Mwishoni mwa Julai nilipita njia ya nyuma ya hoteli nikitokea sokoni, nikaona mashuka yameanikwa kwenye kamba na binti nisiyemjua anayageuza. Nilisimama pale na kikapu changu mpaka akaniuliza, "Shikamoo mama, unamtafuta nani?"

Siku ya pili nikaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Afisa aliyenipokea alikuwa mama mtu mzima mwenye subira. Akanipa fomu namba moja, akaniuliza, "Umeachishwa kazi lini?" Mhariri, nilishindwa kujibu. Najua tarehe niliyozaliwa, niliyoolewa, na ya kila mwanangu, lakini tarehe niliyoachishwa kazi sikuwa nayo kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunitamkia. Yule mama akaeleza taratibu: lalamiko la kuachishwa kazi lipelekwe ndani ya siku 30, madai mengine, siku 60. Kuanzia ile Ijumaa ya nyuma ya jiko zilikuwa zimepita zaidi ya 120.

Hapa ndipo ninapotofautiana na msomaji wako. Kaachiwa Mungu nani? Sheria ilikuwepo tangu 2004, na ofisi ipo hapa hapa mjini, kufungua shauri hulipi kitu. Ila zile siku 30 zangu ziliishia kwenye neno moja, "utapigiwa". Mwajiri anayefukuza kwa ukali unamkimbilia Tume kesho yake asubuhi ukiwa bado na hasira. Anayekuambia vumilia anakumaliza taratibu, na wewe unamwombea dua.

Niliandika ombi la kuongezewa muda. Kwa bahati sijawahi kufuta meseji kwenye kitochi kile mpaka kijae chenyewe. Ile ya tarehe 14 Aprili ilikuwemo. Wakaikubali kuwa sababu ya kuchelewa.

Siku ya usuluhishi, mwakilishi wa hoteli alikuja na shati jeupe na faili tupu. Akasema mimi nilikuwa deiwaka tu, naitwa kazi ikizidi. Nikauliza, deiwaka wa miaka sita? Akasema aoneshwe mkataba. Hapo msuluhishi akamweleza jambo ambalo ningetaka kila mfanyakazi wa hoteli, shamba la maua na duka la vifaa vya ujenzi hapa kwetu alijue: kutoa maelezo ya ajira kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri, na kama shauri limefika mbele ya vyombo vya sheria naye hana maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye, siyo mfanyakazi. Miaka yote nilidhani kukosa barua ni aibu yangu.

Kisha nikatoa bahasha. Zilikuwa kumi na moja. Nyingine zote zilishawashia jiko. Hizi zilipona kwa sababu Neema, binti yangu, mwaka 2017 alikuwa darasa la nne na daftari la hesabu lilipojaa nilimwambia afanyie mazoezi nyuma ya bahasha. Kwa hiyo upande mmoja jina langu, mshahara, NSSF. Upande wa pili kuzidisha. Nikazipanga mezani kama karata. Msuluhishi akageuza mojawapo, akaisoma kwa makini, akasema, "Huyu mtoto hapa kwenye saba mara nane amekosea." Tukacheka wote, yule mwenye shati jeupe naye akacheka. Baada ya hapo neno deiwaka hakulirudia.

Tukapatana. Kiinua mgongo: siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliotimia, miaka sita, siku 42, ikaja 387,000 na chenji. Mshahara wa siku 28 za notisi. Likizo ya mwaka wa mwisho ambayo sikuichukua. Ningepata zaidi kama ningekomaa mpaka kwenye uamuzi, wengi wananiambia. Ada ya shule ilikuwa mlangoni, sikukomaa.

La NSSF ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilipoomba taarifa ya michango yangu, miezi 41 ya mwanzo iko safi. Kuanzia Julai 2017 hadi Machi 2020, miezi 33, hakuna kitu. Bahasha zinasema nilikatwa. 24,000 mara 33 ni 792,000, na hiyo ni asilimia 10 yangu mimi. Asilimia 10 ya mwajiri ukiiongeza utapata mara mbili yake. Mfuko ulimbana, akaanza kulipa. Imeingia miezi 12. Watu wanauliza kwa nini sikuangalia mapema. Kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwenye bahasha, na mtu akikuandikia kwamba amekukata unaamini amepeleka. Siku hizi mtu anaangalia kwenye simu, na kila ninayemkuta kavaa sare ya hoteli ndani ya daladala namwambia angalia leo leo, hata kama ananiona mama mwenye kiherehere.

Sasa Baba Neema. Yeye ana sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani mna barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, ya kupangiwa kituo, ya uhamisho, na nakala za kila alichoandika yeye zenye muhuri wa "imepokelewa". Huyu hawezi kuitwa nyuma ya jiko akaambiwa nenda, utapigiwa. Ili aondolewe inabidi apewe mashtaka kwa maandishi, ajibu, asikilizwe, na akishindwa ana ngazi za rufaa mpaka kwa Rais. Mshahara unapita benki, michango yake PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inaonekana. Mimi nikilitazama lile sanduku huwa naona kama nyumba ya matofali.

Lakini muulize mwenyewe. Mwaka 2016 alistahili daraja. Serikali ikasimamisha upandishaji madaraja ipitie watumishi hewa na vyeti. Aprili 2017 orodha ya wenye vyeti vya kughushi ikatoka, watu 9,932. Yeye hakuwemo, vyeti vyake ni halali, ila daraja halikuja. Lilikuja 2021 madaraja yalipofunguliwa. Miaka mitano hiyo hakuna aliyemrudishia, na itamfuata hadi kustaafu kwa sababu pensheni inakokotolewa kutokana na mshahara. Wanapozungumza kikokotoo kwenye redio huwa anaizima.

Halafu uhamisho. Alihamishwa 2018 kutoka halmashauri moja ya mkoa huu kwenda nyingine, kwa barua nzuri yenye nembo ya Bibi na Bwana, inayosema gharama zitalipwa. Tulikodi fuso kwa hela ya mkopo. Madai aliyapeleka wiki ile ile. Ameyahuisha kila mwaka. Kila akienda anaambiwa lugha ya adabu: "Mwalimu, jalada lako limepelekwa kwa uhakiki." Mara nyingine: "Mwalimu, bajeti ikifunguka." Hakuna anayemkatalia! Wote wanakubali kwamba anadai. Nilimwambia siku moja, hii nayo ni "utapigiwa", ila yako ina muhuri. Alikasirika, tukalala bila kusemezana.

Na mlango wangu yeye haukumfungukia. Tangu sheria ya utumishi wa umma irekebishwe 2016, mtumishi wa umma anatakiwa amalize kwanza njia za ndani ya utumishi kabla ya kugusa CMA au mahakama ya kazi. Kugoma ndiyo kabisa. Anaukumbuka mgomo wa walimu wa mwishoni mwa Julai 2012. Haukufika wiki, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikasema si halali, wakarudi madarasani na ile aibu ya kuwaeleza wanafunzi.

Msomaji wako ataniuliza, sasa upande gani bora? Ningebadilishana na mume wangu leo hii kabla jua halijazama. Kudai ukiwa na mshahara si sawa na kudai ukiwa na njaa. Lakini asituambie kwamba serikalini haki imelindwa. Kilicholindwa ni kiti. Aliyekaa juu yake anaweza kusubiri mpaka nywele zigeuke.

Tena hiyo serikali yenyewe nayo ina watu wake wa nyuma ya jiko. Nenda ofisi yoyote ya umma asubuhi, tazama anayefagia na anayefungua geti. Wengi wameletwa na kampuni iliyoshinda zabuni. Mlinzi mmoja ninayemfahamu, analinda ofisi ya serikali ambayo ndani yake watu wana likizo, bima na posho, yeye mwaka wa tatu hajawahi kupata ofu ya Jumapili. Akilalamika anaambiwa mwajiri wake ni kampuni. Kampuni inamwambia serikali haijatulipa. Huyu tumweke upande gani wa ule ubishi?

Na mpwa wangu wa Moshi anapandisha mizigo Mlima Kilimanjaro. Getini Machame mzigo unapimwa, usizidi kilo 20, na askari wa hifadhi wako makini kweli. "Shangazi," aliniambia, "begi linapimwa mara mbili, hela haipimwi hata mara moja." Akishuka ndipo anapojua safari imemlipa ngapi.

Mei Mosi ya 2024 ilifanyika kitaifa hapa kwetu, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, mgeni rasmi Makamu wa Rais. Baba Neema aliandamana na walimu wenzake, mimi nilikaa jukwaani na mwavuli. Wakapita wenzangu wa zamani wa hoteli ile, fulana mpya, kofia mpya, bango refu linalosifu mchango wa wafanyakazi. Mmoja akanipungia. Jioni nikampigia kumuuliza kama siku hizi wanapewa barua za ajira. Akacheka, akasema fulana ndiyo mkataba wa mwaka huu.

Sisemi hakuna kinachosogea. Kima cha chini serikalini kimepanda Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000, na cha sekta binafsi kikatangazwa kupanda kwa asilimia 33.4 kuanzia Januari 2026. Nzuri. Ila kima cha sekta binafsi kinategemea uko sekta gani na kazi gani, na asiye na karatasi hata hajui asimame kwenye mstari upi wa jedwali lile.

Kabla sijaonekana mtakatifu, niseme na hili. Hela ya hoteli nilinunulia mashine ya kufulia, sasa nafua nguo za watu hapa Sakina, na nina msaidizi, binti wa Ngaramtoni. Miaka miwili nilimlipa kwa M-Pesa, bila barua, bila chochote. Aliwahi kuunguza blauzi ya mteja nikamkata. Niliyeandikiwa "shuka 15,000" kwa penseli! Aliyenishtua ni Baba Neema, si kwa kunisema, alinisomea tu kifungu: makato ya kitu kilichoharibika yanataka maelewano ya maandishi, na mtu apewe nafasi ya kujieleza, na hata hivyo yasizidi robo ya mshahara. Mwezi uliopita nilichana karatasi mbili za kaunta buku, nikaandika kazi yake, saa zake, mshahara, siku ya kupumzika, likizo siku 28. Tukasaini wote, kila mmoja na yake. Ilichukua dakika ishirini. NSSF bado sijamwandikisha, na nikiwa mkweli ni kwa sababu ile asilimia 10 yangu inaniuma kuitoa. Wiki hii nakwenda. Nimeliandika hapa ili nisirudi nyuma.

Neema sasa ni mkubwa, kamaliza chuo cha hoteli, kapata kazi ya mapokezi nyumba moja ya wageni Moshi, anakaa kwa mama yake mdogo Majengo. Tangazo la kazi hiyo aliliona kwenye gazeti lako, Mhariri, ukurasa wa nafasi za kazi. Ndiyo maana naomba jambo moja: chini ya ukurasa ule, kila toleo, mweke mstari mdogo kwamba mwajiri anapaswa kutoa maelezo ya ajira kwa maandishi, na kwamba aliyeachishwa ana siku 30. Hautakula nafasi kuliko tangazo la kiwanja.

Yeye ameomba barua yake mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa wiki ijayo. Mara ya pili aliambiwa bosi amesafiri. Nimemnunulia daftari, kila siku anaandika saa aliyoingia na saa aliyotoka, na bahasha za mshahara nimemwambia azilete kwangu. Ameshaleta mbili.

Mama Neema,
Sakina, Arusha